Nukta Nje ya Masale

Mzigo ulikuja kwa mkono wa mgeni wa usharika, Mjerumani mmoja mrefu aliyekuwa akiinama kila mlango, nami nikaufungua palepale juu ya kaunta ya steshenari nilikokuwa nimeajiriwa kupiga chapa. Ndani mlikuwa na laptop iliyotumika, nzito ya kuvunja mkono, CD moja, kidude cha njano cha kuenea kiganjani, na barua ya kurasa nne. Kurasa nne, jamani! Tangu baba afe kaka yangu alikuwa hajaniandikia hata nusu ukurasa, na leo kajaza nne kunieleza jinsi ya kubonyeza vitufe.

Kaka huyu ni wa mama mwingine. Mama yake alifariki yeye akiwa sekondari, na baba akamwoa mama yangu. Ndoa yao ilibarikiwa kanisani mimi nikiwa tayari nina meno, jambo ambalo kaka hakulisahau wala hakulisema. Alimwita mama yangu "mama mdogo," kwa adabu zote, kwa sauti ya mtu anayemsalimia karani wa benki. Halafu akapata nafasi ya kusoma Ujerumani, akaoa huko, akakaa.

CD ilikuwa na programu ya kutunza historia ya ukoo. Unamwandika mtu, unamwandika baba yake na mama yake, na programu inachora mistari mpaka ukoo mzima unakaa kwenye kioo. Hilo ningelifanya huku naimba. Lakini kaka alitaka kila mtu awe na mahali pake: alipozaliwa, alipobatizwa, alipozikwa. Na mahali si jina la kijiji, ni namba. Latitudo na longitudo mpaka tarakimu ya mwisho. Kile kidude cha njano kilikuwa GPS, kinachouliza setilaiti angani umesimama wapi na kukujibu.

"Usiniandikie kijiji cha Maji ya Chai," alisema kwenye barua. "Maji ya Chai wako watu wengi. Nataka kujua baba amelala wapi hasa."

Sababu alikuwa nayo. Krismasi ile alitaka kuja na familia yake kujengea kaburi la baba kwa saruji. Kaburi lilikuwa halina hata tuta. Ile mvua ya El Niño ilipofurisha mfereji wetu, tope liliteremka usiku na mchana, likasawazisha kila kitu kule chini kwenye migomba. Aliyebaki anajua mahali ni mama peke yake.

Mwishoni mwa ukurasa wa nne, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kaka akaandika kwamba nikiifanya kazi vizuri atanitafutia mwaliko nikasome kompyuta kwao kwa mwaka mmoja. Nilisoma mstari ule mara sita. Bosi akaniuliza kama kuna msiba.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Nilipanga chumba mjini, Kimandolu, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ningeweza kuupaka rangi bila kutoka kitandani. Asubuhi steshenari, jioni chumbani. Siku nzima napiga chapa safari za wenzangu: maombi ya viza, barua za udhamini, wasifu wa vijana wanaotaka kazi kwa wazungu wa ile mahakama ya kimataifa au kampuni za safari. Mji ulikuwa umefunguliwa, kila kitu ruksa, kila mtu anauza, kila mtu anaondoka. Mimi tu nimeganda kwenye kiti kilekile chenye mguu mmoja mfupi, naweka karatasi chini yake kisiyumbe. Kuna siku nilitamani kulia kwa sababu tu mteja ameniambia "haraka dada, gari linaniacha."

Kwa hiyo nikaichukua kazi ya kaka kwa pupa. Nani kazaliwa wapi, kabatizwa wapi, mjomba yupi kaoa wapi, nikaandika jioni baada ya jioni, mgao wa umeme ukinikatia katikati ya shangazi na watoto wake. Majina yakaisha. Zikabaki namba, na namba zilitaka miguu.

Nikaenda nyumbani Jumamosi. Kihamba chetu kiko juu ya Maji ya Chai, unapoacha lami na kuufuata mfereji kuelekea mlimani: nyumba ya mabati, zizi, kahawa kidogo, migomba mingi. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakiangalia kile kidude.

"Hicho ndicho kinachoongea na Mungu?"

"Kinaongea na setilaiti, mama."

"Basi kiulize kama Mungu anajua bei ya kahawa ya mwaka huu." Akacheka peke yake mpaka mahindi yakamwagika.

Tulianza na mpaka, kwa sababu kaka alitaka pia umbo la shamba. Mpaka wetu ni masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa kwenye kona na kandokando. Kwetu isale si kitu cha kuchezea. Ukiling'oa na kulisogeza umegombana na walio hai na waliokufa, na ukoo wote utakujia juu. Mama alitangulia, anaonyesha kona, mimi nasimama, nasubiri, nabonyeza. Njia ya mpaka ina uwazi, kidude kilikamata mara moja. Kona zote zikaingia safi kabisa. Mama akafurahi kama mtoto. "Kumbe shamba langu liko mbinguni sasa!" akasema, kisha akarudi jikoni kunipikia.

Nikabaki na makaburi. Babu na bibi wamelala karibu na uwanja, kazi ya dakika mbili. Baba yuko chini, kwenye migomba minene, si mbali na masale ya upande wa jirani. Jirani mwenyewe ni mtu wa Kilimanjaro, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, aliyenunua kihamba kile miaka michache nyuma. Bei ya kahawa ilipoanguka aling'oa mibuni yote akapanda maharage. Mama alishika kichwa siku ile, lakini waliishi vizuri, wakipeana miche na maziwa.

Maelekezo ya kaka yalikuwa wazi. Simama juu ya mahali penyewe. Usibonyeze mpaka namba ya usahihi ishuke chini ya mita tano. Kisha andika kwenye maelezo ulisimama wapi na usahihi ulikuwa mita ngapi.

Nilisimama pembeni ya isale moja ambalo mama alilipanda kichwani mwa baba baada ya ile mvua. Kidude kikatafuta setilaiti. Kikatafuta. Juu yangu majani ya migomba yamefunika kila kitu, na mlima wenyewe umekula nusu ya anga. Robo saa ikapita, mbu wananila, kimeandika bado kinatafuta. Na hata kingekamata, ningesimama vipi juu yake? Sisi kaburi hatulikanyagi. Unasimama ubavuni, unanyamaza, unaondoka. Nimkanyage baba yangu kifuani nikiwa nimeshika kidude cha njano? Kaka kakaa sana Ulaya!

Nikaona mwanga upande wa pili wa masale. Kule kwenye maharage anga ilikuwa tupu. Nikapenya katikati ya masale, nikasimama kwenye maharage ya jirani, na kabla sijafuta jasho kidude kikalia: mita nne. Nikabonyeza. Nikaandika: kaburi la baba. Jioni, kwenye maelezo ya programu, nikaandika pia: "Nimesimama juu ya kaburi. Usahihi mita nne."

Sikuona kama ni uongo. Nilijiambia, hatua chache, nani atajua? Mtu yuko Ujerumani.

Nilituma faili Jumatatu, kwa disketi, kwenye intaneti ya pale karibu na kazini. Ukurasa wa ramani sikuufungua. Laptop ile ilikuwa inachora ramani kama bibi anayefuma sweta, na umeme ulikuwa unakatika saa nne. Jibu likaja keshoye: "Kazi nzuri sana. Sijui unafanya nini kwenye steshenari." Nikaliprinti. Haki ya Mungu, nililiprinti nikalibandika ukutani.

Siku kumi baadaye simu ya ofisini ikalia na bosi akaninyooshea kidole.

"Kaburi la baba liko nje," kaka akasema. Hakuna salamu.

"Nje ya wapi?"

"Nje ya mpaka. Ninaliona hapa kwenye ramani. Mstari wa masale unapita huku, nukta ya baba iko kule, hatua kumi na tano ndani ya shamba la yule Mchaga."

Niliona yale maharage, naona na viatu vyangu ndani yake.

"Labda kidude kimekosea," nikasema.

"Umeandika mita nne. Ulisimama juu ya kaburi au hukusimama?"

Bosi alikuwa ananiangalia. Ukutani kulikuwa na karatasi yangu. Nikasema, "Nilisimama."

"Basi kifaa hakidanganyi. Mama yako ameuza kipande, wamesogeza masale ndani, na baba wamemwacha huko nje kama mbwa."

Nikasema hapana, mama hawezi. Akasema siku hizi kila mtu anauza, watu wa mjini wanapanda mlima na mifuko ya hela, na mjane ataacha? Alikuwa ameshaongea na baba mdogo, mdogo wa baba anayekaa Elerai. Kikao cha ukoo kingeitwa. Ikithibitika, mama arudi kwao kabla ya Krismasi, na baba mdogo asimamie shamba. Kisha sauti yake ikalainika. "Wewe usiogope. Wewe umefanya kazi yako. Barua ya mwaliko naishughulikia."

Akakata. Bosi akauliza, "Kheri?" Nikasema kheri.

Wiki mbili zile sizitamani hata kwa adui. Nilifungua ramani kwenye laptop, nikaingoja ijichore, na ndiyo hiyo: mstari wa kijani wa masale, nyumba, nukta ya babu, nukta ya bibi, na ile nukta nyekundu nje, peke yake. Nukta ile ilikuwa mimi nimesimama kwenye maharage, na juu yake limeandikwa jina la baba. Niligundua unaweza kuikamata kwa mausi na kuivuta. Nikaivuta ndani ya mpaka. Nikairudisha. Nikaivuta tena. Ingenisaidia nini? Kaka anayo yake, ameshaiprinti, ameshaituma.

Kusema kweli ilikuwa sentensi moja tu. Nilijua maneno yake yote. Lakini nikiitamka kwa kaka, mwaliko umekwenda. Nisipoitamka, mama anatolewa kwenye nyumba aliyokaa maisha yake yote ya ndoa. Ukiyaweka hivyo kwenye karatasi kila mtu anajua la kufanya, hata mtoto wa kipaimara. Mimi nilijua, na sikufanya. Nililala natazama ule ukuta dirishani, nikijiambia labda wazee watakuja, wataangalia, watacheka, mambo yataisha bila mimi kufungua mdomo. Naona aibu mpaka leo.

Nilikwenda hata kumwona mama katikati ya wiki. Alikuwa ameshapata habari za kikao.

"Wanasema nimeng'oa masale," akaniambia huku anachagua mchele. "Mimi!"

"Usijali, mama."

"Sijali. Watakuja wataona kwa macho." Akanitazama. "Mbona umekonda? Huko mjini huli?"

Nikala wali wake, nikaondoka.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya ibada. Wazee saba walikaa kwenye mabenchi uwanjani, katikati yao mshili, ndiye kiongozi wa ukoo wetu, mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Baba mdogo alikuwa amevaa koti, ameshika ramani iliyoprintiwa kwa rangi, iliyokuja na mgeni mwingine wa usharika. Wanawake tulikaa upande wa jikoni. Mama alikaa kwenye kigoda mbele yao, amejifunga kanga juu ya gauni la kanisani, mikono mapajani.

Baba mdogo akaeleza. Akaonyesha mstari wa kijani, akaonyesha nukta. Karatasi ikapita mkono kwa mkono, na niliona jinsi wazee walivyoishika kwa vidole viwili, kwa heshima, kana kwamba imetoka kwa askofu. Mshili akauliza nani anakumbuka mahali. Mmoja akasema alizikwa chini ya mgomba mkubwa. Lakini mgomba hautulii, kila mwaka unazaa pembeni, baada ya miaka umehama bila kuaga. Mwingine akasema siku ile mvua ilinyesha, alikuwa amejikinga. Baba mdogo akasema yeye alikuwa analia.

Mshili akaniita. Nikasimama.

"Wewe ndiye uliyepima?"

"Ndiyo, baba."

"Hapa pameandikwa ulisimama juu ya kaburi. Ulisimama?"

Mama akageuka kunitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa na ule uso wa siku ya matokeo ya darasa la saba, uso wa mtu anayejua mtoto wake amefaulu.

Nikasema, "Nilisimama."

Nikakaa. Mshili akamgeukia mama, akamwambia aseme.

Alikunja kanga yake, akaikunjua. Kisha akasema taratibu, akiwatazama wazee mmoja mmoja.

"Isale sijang'oa. Shamba sijauza, hata kipande cha kupanda mgomba mmoja. Hilo naapa. Lakini mimi sijui kusoma, karatasi zangu zote ananisomea mtoto huyu, na hakosei. Kama amesimama juu ya kaburi na pameandikwa huko, basi mimi ndiye niliyekosea. Siku ile waliochimba niliwaonyesha mimi. Nilikuwa na majonzi, sikuona masale. Nilimzika mume wangu kwa watu. Na tangu ile mvua nimekuwa napalilia mahali ambapo si penyewe. Kila jioni nashuka pale, namweleza habari za nyumbani. Kumbe nimekuwa naongea na migomba."

Alisema hivyo bila kulia. Afadhali angelia.

"Kosa ni langu," akasema. "Amueni mnavyoona."

"Amekiri," baba mdogo akasema upesi, akatoa kalamu kwenye koti. "Iandikwe kwamba amekiri."

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka sufuria iliyokuwa mapajani mwangu ilianguka ikabingirika mpaka miguuni mwa mzee mmoja. Nakumbuka nilikuwa napiga kelele, mimi ambaye mbele ya wazee huwa naongea kwa kunong'ona.

"Sikusimama juu ya kaburi! Nilisimama kwenye maharage! Kule, kwa jirani! Nilidanganya!"

Mtu mmoja akacheka, akajikatiza. Mshili akanyoosha mkono baba mdogo anyamaze.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Chini ya migomba kuna giza, kidude hakioni anga. Nilitafuta mahali peupe. Na ningemkanyaga vipi baba?"

Mzee mmoja, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi, akatikisa kichwa. "Kutokumkanyaga umefanya vema," akasema. "Kusema umemkanyaga, hapo ndipo ulipotukosea."

Mshili akataka kuona. Nikatoa kidude kwenye mkoba. GPS ina namna ya kukurudisha kwenye nukta uliyoiweka: mshale unakuonyesha njia na namba ya mita inapungua. Nikashuka nayo mbele, wazee nyuma yangu mmojammoja kwenye migomba, fimbo zao zikigonga. Tukapita karibu na isale la kichwani mwa baba. Tukapenya masale ya mpaka. Jirani alikuwa shambani kwake, akashangaa kuona msafara wa makoti unamwingilia maharage. Akavua kofia, akawaamkia wazee, akakaa kando. Mshale ukanipeleka hatua baada ya hatua mpaka namba ikafika sifuri, nami nikawa nimesimama katikati ya maharage, juani, hakuna kaburi, hakuna chochote.

Mshili aliangalia miguu yangu, akageuka akaangalia masale. Mashina yake yalikuwa mazee, mengine yamenenepa kama mguu wa mtu.

"Haya yamesogezwa lini?" akamuuliza baba mdogo. "Wewe na macho yako, haya yamepandwa juzi?"

Baba mdogo akasema, "Aisee, mimi nilikuwa nafuata karatasi."

"Mjane anapopalilia ndipo kaburi lilipo. Hakuna kesi. Huko Ulaya waandikieni hivyo."

Wakarudi uwanjani, wakanawa, wakala. Wakashukuru chakula. Baba mdogo alikula kuliko wote. Aliikunja ile ramani akaisahau juu ya benchi, na jogoo akaisimamia.

Wageni walipoondoka niliingia jikoni kukusanya vyombo. Mama alikuwa ameinama kwenye mafiga, anavuta kuni nje ili moto ufe. Nikasubiri anikaripie. Nilitamani anikaripie, anitupie hata mwiko. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza yote: simu, mwaliko, chumba changu na ule ukuta, jinsi nilivyochoka kuwa mtu wa kubaki.

Hakugeuka. Akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki mbili, mama."

"Siku ile uliyokuja ukala wali, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akapanga kuni ukutani, moja moja.

"Na leo, nilipokuwa nawaambia wazee nimelisahau kaburi la mume wangu," akasema, "ulikuwa umekaa pale unanitazama, unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Haya," akasema. "Funika maziwa, paka asije akayamwaga."

Kaka nilimpigia mwenyewe kesho yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata simu, na habari ya mwaliko hatukuitaja tena, yeye wala mimi. Krismasi alikuja. Alijengea kaburi pale mama alipoonyesha, akaweka na msalaba mzuri, akamshika mama mkono. Mimi alinisalimia mbele ya watu. Nikarudi kwenye kiti changu, kwenye steshenari, na nilikaa hapo miaka mingine mingi.

Mama aliishi kwenye kihamba chake mpaka alipofariki, hakuna aliyemgusa. Hakuniletea neno lile tena hata mara moja, wala hakumsimulia mtu. Lakini kuanzia Jumapili ile, karatasi yoyote iliyofika pale, iwe kadi ya kliniki, iwe barua ya usharika au ya mtoto wa shangazi, alikuwa anavuka nayo masale, anampelekea jirani amsomee. Nikija Jumamosi nilikuwa naikuta imefungwa kwenye pindo la kanga yake, imeshasomwa. Ananipikia loshoro ya mahindi na maziwa mgando, ananiuliza habari za mjini, ananisindikiza mpaka mferejini, wala hakuwahi kuifungua mbele yangu.